Je, wajua kwa nini mtoto wa hadithi akirudi zamani humkuta bibi yake akiwa bado msichana?

Ipo aina ya hadithi za watoto ambamo mtoto wa leo hujikuta ghafla katika enzi nyingine, bila mashine wala maandalizi yoyote, akapata rafiki wa rika lake ambaye mwishoni hubainika kuwa ni mzee anayeishi naye karibu. Mfano unaojulikana sana ni riwaya ya Philippa Pearce wa Uingereza, iliyotoka mwaka 1958. Saa kubwa ya nyumbani inagonga mara kumi na tatu usiku, mvulana aitwaye Tom anafungua mlango wa nyuma na kukuta bustani ambayo mchana haipo, na msichana anayecheza naye humo ni yule yule bibi kizee mwenye nyumba, anayelala ghorofa ya juu. Katika hadithi nyingine za aina hii, mzee huyo ni wa ukoo wa mtoto mwenyewe. Kwa nini basi mwandishi hampeleki mtoto kwa bibi arusi au kwa mama mwenye watoto watano, bali kwa msichana wa miaka kumi?

Sababu ya kwanza ni heshima. Mtoto aliyelelewa vizuri hamuulizi mzee kama aliwahi kuiba maembe, kudanganya au kulia kwa hofu, na hata akiuliza atajibiwa kwa kicheko. Kwetu Lubumbashi, nchini Kongo, mlango huo umekwisha kufunguliwa nusu, kwa kuwa kambo (ndivyo tunavyomwita babu au bibi, maana kwetu neno bibi ni la mke) huwatania wajukuu wake, akamwita mvulana mdogo mume wake bila mtu kushangaa. Lakini utani ni wa kambo kuuanzisha. Hadithi humwondolea miaka yake, wawili hao wakagombana na kupatana kama watoto wowote. Na mjukuu akiwa amepewa jina la kambo wake, Kiswahili kinalo neno linalobeba jina na urafiki pamoja: somo, yaani mtu mwenye jina kama lako, na pia rafiki wa karibu.

Sababu ya pili ni hesabu, na hapa ndipo mji wetu unapotoa kisa chenye uzito. Mzee aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa na miaka kumi mwaka 1960. Mtoto wa leo akiteleza hadi siku hizo hatui katika zamani tulivu ya ngano, bali Elisabethville, jina la mji huu hadi mwaka 1966. Uhuru wa Kongo ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo letu la Katanga, akatangaza kulitenga na Kongo, hali iliyodumu hadi Januari 1963. Mwaka 1961 maelfu ya watu wa kabila la Waluba walikimbia mitaa yao na kujikusanya katika kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Familia nyingi hazisimulii mambo hayo mbele ya watoto, nazo zina haki ya kunyamaza. Mwandishi anayetaka mtoto ayajue bila kumlazimisha kambo kuyasema hana njia fupi kuliko kumweka mtoto huyo pale pale, akimtafuta rafiki ambaye jana walicheza pamoja na leo nyumba yao iko tupu.

Lakini siri hukaaje muda wote huo bila mtoto kumtambua kambo wake? Waandishi wa kwingine hulazimika kubuni majina ya utani au ndoa iliyobadilisha jina la ukoo. Kwetu historia yenyewe imeshaifanya kazi hiyo, kwa kuwa mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kikristo na kubaki na ya Kiafrika. Tuseme msichana wa leo anaitwa Kapinga, jina alilopewa kwa heshima ya kambo wake. Rafiki anayekutana naye mwaka 1960 anaitwa Jeanne darasani na mtaani, naye Jeanne hatajulikana kuwa ni Kapinga mpaka siku mama yake atakapomwita kwa sauti ya hofu, kwa jina la nyumbani.

Kinachobaki ni mahali, kwani katika hadithi hizi wakati husogea lakini mahali hapasogei. Nyumba ya zamani ya mtaa wa Kamalondo ingefaa, na bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba lingefaa zaidi, kwa sababu linaonekana kutoka mbali na mtoto aliyepotea hulitafuta kwanza. Kando yake kuna kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba iliyoyeyushwa, ambacho siku hizi kinachimbwa upya kwa ajili ya kobalti. Mtoto akikikuta hakina makovu ya kuchimbwa, atajua kwamba leo si leo.

Mtu anaweza kuuliza kama mtoto huyo asingevuruga historia akazuia hata kuzaliwa kwake. Katika hadithi zilizotungwa vizuri hawezi kubadilisha kitu, kwa sababu ziara yake ilikwisha kuwamo katika yale yaliyotokea. Aliporudi nyumbani akiwa bado na vumbi miguuni, kambo hakushangaa hata kidogo. Alikuwa amemsubiri tangu mwaka 1960.