Kuondoa Kanuni za Fayawoli kwenye Linux bila Kuizima Kompyuta

Watunzaji wa seva katika ofisi, shule na zahanati za Kisumu na kaunti jirani hukutana na tatizo moja mara kwa mara: kanuni ya fayawoli (kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao) iliyoandikwa vibaya inazuia huduma, na wa kwanza kushauri husema seva izimwe na kuwashwa upya. Ushauri huo ni mbaya kwa sababu mbili. Kuzima seva ya hospitali kunasimamisha mapokezi, maabara na famasia kwa pamoja. Na hata ikiwaka, kanuni zilizohifadhiwa kwenye diski, kwa mfano katika faili ya /etc/iptables/rules.v4, hurudi zilivyokuwa.

Kanuni zinazofanya kazi hukaa katika kumbukumbu ya kerneli (kiini cha Linux), chini ya mfumo uitwao netfilter, ambao amri ya iptables imekuwa ikiusimamia tangu kerneli 2.4 ya mwaka 2001. Badiliko lolote linalofanywa kwa amri hiyo huanza kazi papo hapo.

Hapo ndipo penye mtego. Wengi hukimbilia amri ya iptables -F, ambayo hufuta kanuni lakini haigusi sera ya msingi ya mnyororo. Mnyororo ni orodha ya kanuni, na sera ni uamuzi unaotumika pale ambapo hakuna kanuni inayohusika. Ikiwa sera ya mnyororo wa INPUT (wa mawasiliano yanayoingia) ni DROP (kukataa), kanuni iliyokuwa ikiruhusu SSH, njia ya kuingia katika seva ukiwa mbali, hufutika pamoja na nyingine, sera ya kukataa inabaki peke yake, na mtunzaji aliyeingia kutoka Kakamega katika seva iliyo Kisumu hukatiwa mawasiliano hapo hapo, akabaki na safari ya kilomita 50 hivi ili akaketi mbele ya mashine yenyewe. Kwa hiyo sera hubadilishwa kwanza kuwa ACCEPT (kuruhusu), kufuta kukafuata. Kabla ya yote, hifadhi nakala ya kanuni zilizopo. Amri zifuatazo hutolewa na mtumiaji mwenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mfumo), kwa mpangilio huu:

iptables-save > /root/kanuni.txt
iptables -P INPUT ACCEPT
iptables -P FORWARD ACCEPT
iptables -P OUTPUT ACCEPT
iptables -F
iptables -t nat -F
iptables -t mangle -F
iptables -X

Majedwali (makundi ya minyororo) ya nat na mangle yametajwa kwa sababu -F isiyotaja jedwali hushughulikia lile la filter tu. Vilevile, amri hizi ni za IPv4, toleo la zamani la anwani za mtandao; kanuni za IPv6, toleo jipya, zina amri yake, ip6tables, na kuisahau humfanya mtu aamini kuwa amefuta kila kitu ilhali nusu ya kazi haijaguswa.

Anayefanya kazi akiwa mbali na asiyejiamini sana (na kutojiamini huku ni sifa njema katika kazi hii) aitumie amri ya at kupanga kwamba baada ya dakika 10 iptables-restore irudishe nakala ile yenyewe. Mambo yakienda sawa, agizo hilo hufutwa kwa atrm.

Mifumo mipya hutumia nftables, mrithi wa iptables, iliyoingia katika kerneli 3.13 mwaka 2014. Huko, nft flush ruleset hufuta majedwali, minyororo na sera zake kwa mkupuo, hivyo mtego ule haupo, lakini uangalifu wa kuhifadhi nakala kwanza unabaki pale pale. Penye ufw, programu ya kusimamia fayawoli, tumia ufw disable; penye firewalld, programu nyingine ya aina hiyo, isimamishe kwa systemctl stop firewalld. Kuzipita programu hizi ukafuta kwa mkono huziacha zikiamini kuwa kanuni bado zipo. Docker, programu inayoendesha huduma ndani ya makontena (vifungu vilivyotengwa), nayo huweka kanuni zake katika jedwali la nat, na zikifutwa, makontena huenda yasifikike kutoka nje hadi huduma ya Docker ianzishwe upya.

Thibitisha matokeo kwa iptables -S: ikionyesha mistari mitatu ya sera za ACCEPT pekee, jedwali la filter ni tupu. Kuanzia hapo seva haina kinga yake yenyewe, kwa hiyo hitilafu ikishatambuliwa, sahihisha mstari uliokosewa ndani ya /root/kanuni.txt, kisha urudishe kanuni kwa iptables-restore < /root/kanuni.txt siku hiyo hiyo.