Mvinyo mweupe wa Hispania na kazi ya ndimu

Darasani kwetu, somo la mvinyo mweupe wa Hispania halianzi na chupa. Linaanza na samaki wa kukaanga na kipande cha ndimu. Mwanafunzi anaonja samaki bila kitu, kisha anamkamulia ndimu na kuonja tena. Mafuta hayaelemei tena mdomo, na ladha ya samaki mwenyewe inajitokeza. Mvinyo mweupe mkavu, yaani usio na sukari ya kuhisika, hufanya kazi hiyohiyo kwa uchachu wake. Mhudumu akilishika hilo, majina ya zabibu hayatamsumbua.

Tuanze na Albariño, zabibu ya Rías Baixas, huko Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Mvua ni nyingi na unyevu haukauki, kwa hiyo wakulima wengi huitandaza mizabibu juu ya chanja zenye nguzo za mawe ya itale, upepo upite chini na kuvu isishike vichala. Ubaridi wa Atlantiki huiachia zabibu uchachu wake hata ikiiva, na mvinyo wake hunukia pichi na maganda ya limau. Baharini hapohapo kuna kome, chaza na pweza. Pweza wa kwao huchemshwa mpaka alainike, akakatwa kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, kisha akamwagiwa mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na unga wa pilipili nyekundu. Ndimu haimo, na glasi ya Albariño ndiyo inayoshika nafasi yake. Aliyezoea pweza wa nazi atahisi kuna kitu kimesahaulika jikoni, mpaka anywe funda la kwanza.

Verdejo ni ya Rueda, uwanda wa juu ambako mchana huunguza na usiku hupoza. Juisi yake huharibika upesi ikipigwa na hewa, ndiyo maana wengi huivuna usiku, zabibu zikiwa baridi. Mvinyo wake una harufu ya shamari na uchungu kidogo mwishoni. Mpe mgeni pamoja na mboga za majani, jibini la mbuzi au kuku wa kuchoma.

Airén, zabibu nyingine nyeupe, imetapakaa La Mancha, katikati mwa Hispania, ila nyingi huishia kukenekwa kuwa brandi, kwa hiyo sitakaa hapo.

Ninayoipenda kuliko zote ni Palomino ya Jerez, kusini mwa Hispania, ingawa mvinyo wake mchanga umepooza. Huongezwa pombe mpaka kufika asilimia 15 hivi, ukawekwa kwenye mapipa yasiyojazwa mpaka juu. Juu yake huota utando wa chachu unaouzuia usiguswe na hewa, na kuupa harufu ya lozi na unga uliochachuka. Huo ndio fino. Ukikomazwa Sanlúcar de Barrameda, kando ya bahari, huitwa manzanilla. Hapo leta zeituni, lozi za chumvi na dagaa wa kukaanga.

Nimewahi kuikuta chupa ya fino kwenye kaunta ya hoteli, wazi, vuguvugu, ina wiki kadhaa. Mgeni aliyeionja aliisukuma pembeni, na sikumlaumu. Ikishafunguliwa, iwekwe kwenye friji na iishe ndani ya wiki. Wala usiipeleke kwenye meza yenye kachumbari ya pilipili kali, maana pombe huuchochea ule muwasho.