Bunduki za Vita Kuu ya Kwanza Tabora na Kigoma: dhana potofu kuhusu uhalisi wa sehemu zake

Kigoma ilitekwa na jeshi la Wabelgiji kutoka kwa Wajerumani mwishoni mwa Julai 1916, na Tabora ikafuata tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, baada ya mapigano makali ya Lulanguru na Itaga. Bunduki za vita hivyo, pamoja na nyingine zilizoingia baadaye kwa njia zake, bado zinatajwa katika familia za mikoa hii miwili, na kila inapotajwa moja swali huwa lilelile: je, ni halisi, au imeungwaungwa? Majibu mengi yanayotolewa barazani hayana msingi, na ubaya wake ni kwamba humfanya mwenye kitu chenye historia akiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Dhana: Bunduki yoyote kuukuu ni ya Mjerumani.

Vita vilipoanza mwaka 1914, vikosi vingi vya askari wa Kijerumani vilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871 (mwaka huo ni wa muundo, si wa kutengenezwa kwa kila bunduki), yenye mtutu wa milimita 11 na risasi za baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimfichulia adui mahali alipo mpigaji. Mauser ya 1898, ya milimita 7.92, ilikuwa mikononi mwa wachache. Wabelgiji nao walikuwa na Mauser yao ya 1889, ya milimita 7.65, na Waingereza walikuwa na Lee-Enfield. Baada ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani waliokota mamia ya bunduki za Kiingereza na kuzitumia. Kwa hiyo Lee-Enfield iliyobebwa na askari wa Mjerumani si jambo la kushangaza. Zaidi ya hizo yapo magobore ya mafundi wetu wenyewe, ambayo ni kazi ya heshima na yanastahili kutambuliwa kwa jina lake.

Kutojua aina ndiko kunakozaa hukumu mbaya kuhusu sehemu. Mauser ya 1871 iliyobebwa na askari hao haina magazini, yaani kisanduku cha risasi, kwa sababu hupakiwa risasi moja moja, na anayesema magazini imeng'olewa anatafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwapo. Mauser ya Kibelgiji ya 1889, kwa upande wake, ina mtutu uliovishwa bomba jembamba la chuma ili ubao usiugandamize. Mtu asiyelijua hilo huona duara mbili kwenye mdomo wa bunduki na kuamua kwamba mtutu umebadilishwa, ilhali hiyo ndiyo alama bora ya uhalisi wake.

Dhana: Namba zote zisipolingana, bunduki ni ya bandia.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na inahitaji kuelezwa kwa utulivu. Ni kweli kwamba viwanda vya Kijerumani viligonga namba nzima kwenye mtutu, kwenye bolti (kipande chenye mkono kinachosukumwa mbele na nyuma ili kufunga mtutu) na kwenye chuma kikuu kinachoshika mtutu na kupitisha bolti, kisha vikagonga tarakimu mbili za mwisho hata kwenye skrubu. Lakini utaratibu huo haukuwa wa dunia nzima. Bunduki ya Kimarekani aina ya M1 Garand, kwa mfano, ina namba kwenye chuma kikuu tu, na namba zinazoonekana kwenye sehemu nyingine ni za michoro ya kiwandani; kuzilinganisha hakuna maana yoyote.

Hata kwa bunduki za Kijerumani, namba kutolingana kuna sababu zaidi ya moja. Fundi wa jeshi aliyebadilisha bolti iliyovunjika alifanya kazi yake halali, na mara nyingine aliikata namba ya zamani kwa mstari na kugonga mpya pembeni. Jeshi lililokuwa limezingirwa baharini halikuwa na anasa ya kutupa bunduki kwa sababu ya pini moja, na kwa maoni yangu bunduki iliyotengenezwa hivyo ni halisi kuliko ile iliyokamilishwa juzi kwa sehemu zilizonunuliwa ili ipendeze. Kinachopaswa kuulizwa ni lini sehemu ilibadilishwa na kwa sababu gani.

Kulingana kwa namba nako si ushahidi wa mwisho, kwa kuwa namba inaweza kugongwa upya. Ielekeze sehemu kwenye mwanga unaotoka ubavuni. Mahali palipopigwa tupa ili kufuta namba ya awali huonyesha kibonde kidogo ambacho ukucha hukihisi kabla jicho halijakiona. Namba iliyogongwa juu ya vishimo vya kutu ni ya baada ya kutu hiyo, na mfereji wa tarakimu unaong'aa ndani ya chuma kilichokwisha kuwa cheusi ni wa karibuni. Linganisha pia umbo la tarakimu, hasa mkia wa 9 na kichwa cha 4, na zile za sehemu ambazo hazina shaka. Tena, tazama herufi ndogo chini ya namba: kiwanda kilipofika mwisho wa tarakimu nne kilianza upya kwa kuongeza herufi a, kisha b, na kuendelea, hivyo bolti yenye tarakimu zilezile na herufi tofauti ilitoka kwenye bunduki nyingine.

Dhana: Mwaka uliogongwa unathibitisha masimulizi ya familia.

Mara nyingi mwaka huyapinga. Meli ya mwisho kuvunja mzingiro na kuwaletea Wajerumani silaha ilikuwa Marie, iliyofika ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916, ikiwa imetanguliwa na Rubens ya Aprili 1915. Ndege kubwa ya gesi iliyotumwa Novemba 1917 ilirudi bila kufika. Kwa hiyo Mauser ya 1898 yenye mwaka 1917 au 1918 haikuletwa na Wajerumani hapa, hata kama babu aliapa. Nyingine zina miaka miwili, mathalani 1915 na 1920. Huo wa pili si mwaka wa kutengenezwa, bali ni alama ya umiliki wa serikali iliyogongwa Ujerumani baada ya vita, na bunduki yenye alama hiyo haikuwa Tabora mwaka 1916.

Dhana: Pengo lolote ni sehemu iliyoibwa.

Mwaka 1916 Waingereza waliirahisisha Lee-Enfield yao: kibati cha kuzuia risasi za magazini, vilengeo vya masafa marefu vya ubavuni na kisahani cha shaba cha kitakoni viliondolewa. Kukosekana kwake kwenye bunduki iliyotengenezwa hivyo ni sahihi, na kuvipachika leo ndiko kuiharibu. Herufi L, S au B juu ya kitako huonyesha urefu wake tu.

Dhana: Kuisafisha kunairudishia uhalisi.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Msasa ukipita juu ya ubao, mihuri ya wakaguzi hufifia na vyuma hubaki vimeinuka kuliko ubao, ilhali kiwandani vilikuwa sawa. Brashi ya waya hulainisha kingo za herufi, na vanishi hufunika kila kitu. Kitako kilichochongwa upya kwa mninga badala ya mti wa walnati kinaeleza kwamba bunduki iliendelea kutumika huku miomboni kwa miaka mingi, na fundi aliyekichonga ana sehemu yake katika historia hiyo. Kukiondoa ili kuweka cha Ulaya ni kuifuta Tabora kwenye bunduki ya Tabora.

Dhana: Bunduki ya kale haihusiki na sheria.

Silaha humilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na magobore nayo yamo. Anayeikuta darini au shambani asiikoki wala kujaribu kuifyatua, bali aiache kama ilivyo na kuwaita polisi, akiwaeleza ilipopatikana na masimulizi anayoyajua, na akiomba wataalamu wa makumbusho waione kabla haijaamuliwa iende wapi.