Maji ya hori hayaendi moja kwa moja kwenye maziwa

Nimeambiwa tena juzi na mfugaji, huku Bombo, mbele ya ng'ombe chotara wa Friesian aliyekuwa ameshuka maziwa: "Daktari, maji nampimia. Nikimwacha anywe apendavyo, maziwa yatakuwa mepesi, kwenye kituo cha kupokea maziwa watayakataa." Alikuwa anampa jerikani moja kwa siku. Lita 20, kiangazi hiki! Maneno hayo nimeyajibu zizi baada ya zizi, sasa nayajibu hapa.

Kiwele hutengeneza laktosi, yaani sukari ya maziwa, na sukari hiyo ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye damu. Kiwango chake hakichezi sana, ndiyo maana maziwa ya ng'ombe hubaki na maji kama asilimia 87, awe amekunywa lita 50 au 90. Ya ziada anayakojoa. Ukimbania, zinazopungua ni lita za kukamua, pamoja na hamu ya kula, kwa sababu tumbo kubwa, la kwanza kati ya manne ya ng'ombe, haliwezi kuchachusha majani makavu bila maji.

Hofu ya kituoni naielewa. Maziwa yaliyokataliwa ni karo ya mtoto iliyopotea. Lakini laktomita, kipimo wanachotumia kituoni, inapima nini? Inapima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, basi. Maziwa mazima huwa kati ya kilo 1.026 na 1.032 hivi kwa lita. Maji yaliyotiwa hushusha namba hiyo, kweli. Joto nalo huishusha. Povu huvuruga usomaji. Hata mafuta mengi huishusha, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hiyo maziwa yenye malai nene, yaliyofikishwa yangali na joto la kiwele, yanaweza kusomeka kana kwamba yametiwa maji, halafu mfugaji anarudi nyumbani kumwadhibu ng'ombe kwa kiu. Dai yapoozwe, yakorogwe polepole, yapimwe upya pamoja na kipimajoto. Kagua pia chombo chako, maana maji ya kusuuzia yaliyosalia ndani yanatosha kukuponza. Na kama mafuta ni machache kweli, tafuta sababu kwingine: Friesian hatoi mafuta kama Ankole wa kienyeji, pumba nyingi na majani haba hupunguza mafuta, tena wengi hukamua maziwa ya mwanzo na kumwachia ndama ya mwisho, ambayo ndiyo yenye mafuta mengi.

Wengine hujitetea kwamba nepia, yaani majani ya tembo wanayomlisha ng'ombe, ina maji. Hapo hawajakosea kabisa. Nepia mbichi ya msimu wa mvua ni maji kama asilimia 80, hivyo kilo 50 zina lita 40. Vitabu hutaja lita 4 au 5 za maji kwa kila lita ya maziwa, na mimi namba hiyo siiamini sana zizini, kwani haijui kama majani yamekatwa leo au juzi, wala kama bati la paa linachoma. Mwezi wa pili mfugaji analisha mabua ya mahindi yaliyokauka, na bado anapima jerikani ileile. Mimi husema hivi: jaza hori jioni. Asubuhi ukilikuta tupu, hayakutosha.

Aliyebaniwa muda mrefu asiachiwe kunywa kwa pupa siku ya kwanza. Mpe kidogo kidogo, maana maji mengi kwa mkupuo baada ya kiu kali huweza kupasua chembe nyekundu za damu, hasa kwa ndama, na mkojo ukageuka mwekundu. Ndama anayenyonya naye awekewe maji safi. Maziwa hupita kando ya tumbo kubwa, na tumbo hilo linahitaji maji yake lenyewe ili likue.

Najua jerikani hununuliwa, na bodaboda anayeileta hulipwa. Basi tazama paa la zizi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 30 za mraba, mvua moja ya milimita 20, ni karibu lita 600 zinazoishia kwenye tope chini ya kwato. Anza na mfereji upande mmoja wa paa na pipa moja, kabla mvua za Machi hazijashika.