Kabla hujakata tiketi, uliza nani analipa

Wiki iliyopita alinijia kijana mmoja, fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha samaki hapa Mwanza. Kapata kazi Mtwara, mshahara karibu mara mbili ya anaopata sasa. "Shikamoo dada. Kesho nasaini, shida yangu ni nauli tu." Nikampa kalamu, nikamwambia tuandike.

Nauli yake, ya mkewe na ya mtoto mmoja, mdogo atapakatwa. Nyumba ya laki na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita: laki tisa. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja. Hapo tayari ni milioni moja na elfu hamsini, na jokofu halijapanda lori, mtungi wa gesi haujajazwa, na mshahara wa kwanza uko mwezi mzima mbele. Nauli ndiyo ilikuwa ndogo kuliko vyote. Akanyamaza, akauliza kama naona akope.

Mimi nimefanya kazi ya rasilimaliwatu miaka kumi na mitatu, kwa hiyo barua za ajira nimeziandika nyingi. Kwa sekta binafsi, gharama za kwenda kuanza kazi ni makubaliano. Kampuni nyingi huwa na fungu la kumhamisha mtu, lakini halitajwi kwa asiyeuliza. Na muda wa kuuliza ni mmoja: wamekwisha kukuchagua, wewe hujasaini. Ukisaini, umebaki kuomba huruma.

Usiandike "naomba mnisaidie usafiri". Andika kiasi, na uambatishe bei uliyopewa na mwenye lori. Vitenganishe: tiketi za familia, mizigo, malazi ya siku za mwanzo, kodi. Mwajiri anayekataa kodi mara nyingi hukubali kulipia gesti wiki mbili, au hutoa advansi ya mshahara. Advansi nayo uijadili. Ikikatwa yote mwezi wa kwanza utalala njaa. Omba ikatwe kwa miezi mitano au sita. Hawezi kukukata deni hilo bila maandishi uliyokubali, basi hakikisha maandishi hayo yanataja miezi. Na wakikuwekea sharti la kurudisha hela ukiacha kazi kabla ya mwaka, omba deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na lifutike kama wao ndio watakaokuachisha.

Sasa kuna mstari ambao watu wanaupita kama tangazo la ukutani: mahali ulipoajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 43, inasema ajira ikikomea mahali tofauti na pale ulipoajiriwa, mwajiri akurudishe wewe na mizigo yako, au akulipie usafiri huo, au akupe posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi, pamoja na hela ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Mwaka 2012 mimi nilitafutwa kwa simu nikiwa Musoma, nikafanya usaili kwa simu, nikaja kusaini Mwanza. Kwenye mkataba wakaandika "Mwanza". Nikasaini, nilikuwa na furaha ya kazi. Mkataba ulipoisha nikaambiwa hakuna pa kunirudisha, nimeajiriwa hapa hapa. Vitu vyangu vilirudi Musoma kwa hela ya kuuza kabati.

Serikalini mambo ni tofauti: ukihamishwa na mwajiri kuna posho ya usumbufu na gharama za mizigo, lakini ukiomba mwenyewe kuhama, unajilipia. Soma barua yako ya uhamisho kabla ya kufurahi.

Kuhusu kukopa, nilimwambia aanzie saccos ya kazini kwake, ila aende na hesabu: ukiacha kazi, akiba yako italipa deni kwanza, kinachobaki ndicho chako. Benki ya kule huenda isimguse mpaka amalize kipindi cha majaribio. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, nilimkataza kabisa, na zile programu za simu zinazotuma ujumbe kwa wakwe zako ukichelewa siku moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza 69 zisizo na leseni. Heri ukope kwa shemeji.

Na kama "mwajiri" ndiye anayekuomba wewe utume hela ya fomu au ya nyumba ya kampuni, hapo hakuna kazi.

Jana kijana amenitumia majibu. Wamekubali lori na usiku kumi wa gesti. Kodi wamekataa, wametoa advansi ya mshahara, itakatwa kwa miezi mitano. Anataka kwenda Nyegezi kukata tiketi. Nimefungua mkataba ukurasa wa kwanza: mahali pa kuajiriwa, Mtwara. Nimemrudishia, aandike barua pepe leo leo warekebishe isomeke Mwanza. Tiketi itasubiri.