Nanotyubu Inaposaidia Polima, na Inapoiharibia Kazi

Transista ya polima, yaani swichi ndogo ya umeme iliyotengenezwa kwa molekuli ndefu kama minyororo, hupimwa kwa maswali mawili: ikiwashwa inapitisha umeme kiasi gani, na ikizimwa, je, inazimika kweli? Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii nililikodolea macho swali la kwanza tu.

Polima niliyoanza nayo ni P3HT, ya jamii ya politiofini. Katika mnyororo wake bondi moja na bondi maradufu hupishana, na ndiyo maana chaji hupata njia ya kupita. Lakini minyororo yenyewe imelala ovyo kama tambi zilizopikwa, hivyo chaji hulazimika kuruka kutoka mmoja hadi mwingine, na hata katika utando uliotengenezwa kwa uangalifu wepesi wake wa kusogea hauzidi sana sentimita mraba 0.1 kwa volti kwa sekunde. Nanotyubu ya kaboni, ambayo ni tabaka moja la atomi lililoviringishwa kama mkeka hadi kipenyo cha nanomita 1 hivi, huibeba chaji kwa wepesi mkubwa zaidi. Ukizitia chache ndani ya polima, chaji hupanda nanotyubu na kushuka mbele, mithili ya msafiri wa barabara ya vumbi anayekutana na vipande vya lami.

Ubaya ni kwamba, kutegemea pembe ambayo mkeka umeviringishwa, takriban theluthi moja ya nanotyubu huwa na tabia ya metali, na geti, ile elektrodi inayoiwasha na kuizima transista, haina amri juu ya metali. Siku niliyoongeza dozi maradufu, mkondo ulipanda nikafurahi. Kisha nikaweka kwenye geti volti chanya zilizopaswa kuizima transista, na mchoro kwenye skrini ukabaki karibu mlalo. Katika mfereji wa mikromita 5, njia ya chaji kati ya sosi inakoingilia na dreni inakotokea, nanotyubu zilikuwa zimegusana, zikajenga daraja kutoka ncha hadi ncha. Nilikuwa nimetengeneza waya.

Dawa ilitoka kwenye polima zenyewe. Mwaka 2007 watafiti wa Oxford walionyesha kwamba polifluorini, polima nyingine, ikiwa ndani ya kiyeyushi kiitwacho tolwini, huzizunguka nanotyubu za kisemikondakta, zile ambazo geti inaweza kuzizima, na kuziacha za metali. Mwaka 2011 kundi la Zhenan Bao, Stanford, lilizitenganisha vivyo hivyo kwa politiofini. Kazi yenyewe ni ya kushangaza kwa urahisi wake: unatikisa mchanganyiko kwa mawimbi ya sauti, unauzungusha kwenye sentrifuji, masimbi meusi yenye nanotyubu za metali yanajishindilia chini ya chupa, nawe unachota kimiminika cha juu chenye zile za kisemikondakta.

Hata hivyo polima iliyozitenganisha haiondoki yenyewe. Hubaki imezivika nanotyubu, na pale mbili zinapopishana vazi hilo huwa kizuizi kwa chaji. Kwa hiyo kabla ya kupima lolote nausuuza utando kwa tolwini safi, kisha naanza na mkondo wa transista iliyozimwa.