Saa chache kwenye mita hazitoshi kuthibitisha uzima wa ekskaveta

Wanunuzi wengi wa ekskaveta ndogo (mashine za kuchimba udongo) zilizotumika huamini kuwa mita ya saa za kazi ikionyesha saa chache, mashine bado ni nzima. Imani hiyo ina mantiki yake. Ila mita huhesabu muda tu. Haijui kama viungo vilipakwa grisi, na yenyewe inaweza kuharibika au kubadilishwa.

Chuma hakifichi uchakavu kirahisi. Pedali zilizolika hazilingani na mita inayoonyesha saa 900 tu. Mwombe mwendeshaji atikise mkono taratibu, ndoo ikiwa imegusa ardhi, nawe ukitazama kwa mbali: pini na bushi (vyuma vya kwenye maungio ya mkono) zilizolika zitachezacheza. Fika injini ikiwa baridi, na ukikuta imeshawashwa, ni bora urudi siku nyingine, kwani ugumu wa kuwaka huonekana injini ikiwa baridi. Udhaifu wa haidroliki (mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaosukuma mkono), kinyume chake, hujitokeza mafuta yakishapata moto, kwa hiyo ichimbishe nusu saa hivi. Mkono ulioinuliwa ukishuka wenyewe, silinda au vali inavujisha.

Halafu omba kumbukumbu za matengenezo. Binafsi ningechagua yenye saa 3,000 na kumbukumbu kamili kuliko yenye 900 bila karatasi yoyote.